Ukuta wa Mji: Kutoka Dodoma Hadi Songo Mnara

  

Makala hii imezaliwa na swali la darasani. Tulikuwa katika mlango wa swala ya msafiri. Kama mjuavyo, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri hapunguzi swala akiwa bado ndani ya mji wake. Safari yake huhesabika kuanzia pale anapouvuka ukuta wa mji, ikiwa mji una ukuta. Na kama hauna, basi anapoyaacha majengo yake. Nikasoma ibara, nikaieleza, nikataka kuendelea. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Ustadhi, ukuta wa Dodoma uko wapi?"

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, lakini swali lilinikaa. Miaka yote tumesoma kitabu kinachozungumzia mji wenye ukuta, na katika darasa lile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuuona. Watoto wetu wanajua ukuta wa shule, ukuta wa nyumba ya tajiri wenye vipande vya chupa juu yake, na boma la ng'ombe. Mwingine akauliza swali zito zaidi: "Hiyo miji ni ya Waarabu. Sisi watu wa bara inatuhusu nini?" Hili nalo sikulijibu siku ile. Nilisema tutakwenda kuona, inshallah.

Likizo ya katikati ya mwaka ikatupata njiani, wanafunzi kumi na wanane, walimu watatu, na akina mama waliofuatana na mabinti zao. Ninaandika ili wale wasiokwenda wafaidike, na wazazi wanaofikiria safari kama hiyo wajue la kufanya.

MIJI YENYE KUTA ILIYO KARIBU NASI

Mtu akitaka kuuona mji wa Kiislamu wenye ukuta ambao bado unaishi watu, katika Afrika Mashariki atakwenda Harar, Ethiopia. Sehemu yake ya kale huitwa Jugol. Ukuta wake wa mawe uliimarishwa katika karne ya 16, zama za Amiri Nur bin Mujahid, wakati mji ukiwa katika vita, na milango ya asili ilikuwa mitano. Ndani yake inahesabiwa misikiti 82, mingine midogo kama chumba. Shirika la UNESCO liliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, mwaka uleule ulioingizwa michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo wengi wetu tunapita karibu nayo tukienda Babati bila kusimama.

Kenya kuna Gede, karibu na Malindi, mji uliohamwa ndani ya msitu, wenye kuta mbili, wa nje na wa ndani. Na kwetu Tanzania kuna Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani. Watu wengi hawakijui. Kila nilipokitaja mzazi mmoja alidhani nasema Songosongo, kile kisiwa cha gesi ambayo tangu mwaka 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam. Sicho. Songo Mnara ni mji wa mawe ulioishi watu kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi karne ya 16. Ndani ya kuta zake kuna mabaki ya misikiti mitano, jumba kubwa na nyumba za mawe zipatazo 33. Mji huo pamoja na magofu ya Kilwa Kisiwani uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

NJIANI

Kutoka Dodoma tulipanda treni ya umeme, ambayo ilianza kufika mjini kwetu mwaka 2024. Kama saa nne hivi tuko Dar es Salaam. Kutoka hapo ni basi la kusini. Wazee wanaokumbuka kivuko cha Ndundu na foleni yake watafurahi kusikia kwamba Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 970 na unalivuka kabla hujamaliza kusoma Yasin. Hata hivyo barabara ile si ya kuiamini wakati wa masika. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata upande wa Somanga, na magari yakakwama. Nendeni Juni hadi Oktoba.

Nangurukuru basi linaacha barabara kuu. Hapa mgeni huchanganyikiwa, maana Kilwa ni tatu: Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 18 na 19, Kilwa Masoko, makao ya wilaya, ndipo mtakapolala, na Kilwa Kisiwani, ndiyo mama yao wote. Kibali cha kutembelea magofu hutolewa Masoko, na huendi bila kiongozi. Wapo wanaoona kero. Mimi naona ni haki: huingii nyumba ya mtu bila hodi.

Na swala je? Tangu tulipoyaacha majengo ya Dodoma tulikuwa wasafiri. Umbali unaotakiwa ni marhala mbili, kilomita themanini na kitu, na sisi tulikuwa tumeupita mara kadhaa kabla ya kufika Dar. Adhuhuri, Alasiri na Isha zikawa rakaa mbili mbili, Magharibi haipunguzwi. Kwa kuwa hatukunuia kukaa Kilwa siku nne kamili bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ilibaki nasi. Tulipowafuata wenyeji jamaa msikitini tuliswali kamili nyuma ya imamu wao, kama hukumu ilivyo.

KISIWANI

Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni mwendo mfupi wa mashua. Watoto wa bara, ambao maji makubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona ni bwawa la Hombolo, walishika mbao za mashua kwa mikono miwili. Mmoja alisoma Ayatul Kursiy kwa sauti hadi tukafika.

Kuna masimulizi katika tarikh ya kale ya Kilwa kwamba mgeni aliyetoka Shirazi, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa hiki kutoka kwa mwenyewe kwa nguo: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Habari hiyo ni simulizi, na inapokewa kama simulizi. Lakini wanafunzi waliipenda, na mmoja akasema, "Kumbe ukuta wao wa kwanza ulikuwa wa kaniki." Nimeshindwa kuboresha neno hilo.

Elimu ya leo ina lake la kusema. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya Pwani, wakiwamo wa Kilwa na Songo Mnara. Ulionyesha kwamba katika wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na hasa kupitia akina mama. Na kwamba sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, hasa Uajemi kupitia akina baba, kuchanganyika kulikoanza kiasi cha mwaka 1000. Kwa hiyo mtu akikuambia miji hii ni ya Waarabu tu, muulize ni nani aliyewalea watoto wa Kilwa, na kwa lugha gani. Na mtu akikuambia hapakuwa na mgeni yeyote kutoka ng'ambo, naye mwambie akasome.

Msikiti Mkuu ndio utakaowatoa machozi. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, imeanza kujengwa karne ya 11. Baadaye ukapanuliwa sana kusini, ukaezekwa kwa kuba na matao ya mawe na chokaa. Baadhi ya kuba zilipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China vilivyopachikwa ndani ya chokaa. Hakuna mabati, hakuna nondo. Unasimama kati ya nguzo, mwanga unaingia kwa pembeni, na sauti ya mtu anayenong'ona inakufikia. Nje kuna mahali pa udhu, na kuna mawe ya duara ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Nilimwona kijana mmoja akisimama juu ya jiwe akiutazama mguu wake kwa muda mrefu.

Kisha niliwauliza: kibla kiko wapi? Wote wakautazama mihrabu. Mihrabu unaelekea kaskazini, karibu kabisa na kaskazini kamili, kwa sababu Kilwa na Makkah ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo: Kilwa nyuzi 39 na nusu mashariki, Makkah chini kidogo ya 40. Sisi wa Dodoma tuko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini chenye kuinamia mashariki kiasi cha nyuzi nane. Wajenzi wale hawakuwa na simu ya kuwaonyesha kibla. Walikuwa na nyota na mabaharia.

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331. Alikuwa mtu wa Tanja, Morocco, faqihi wa Kimaliki, na aliwakuta watu wa Kilwa wakifuata madhehebu ya Shafi kama sisi. Aliusifu mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Aliyekuwa sultani ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anahadithia kwamba siku ya Ijumaa sultani alipotoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa fakiri zile. Jengo la Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja na hodhi la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari, lina uhusiano na sultani huyo. Jina lake limekutwa humo limechongwa kwenye jiwe. Sarafu yake moja ya shaba imeokotwa mbali sana, Great Zimbabwe, ilikopita dhahabu kwenda Sofala.

Mpaka hapo wanafunzi walikuwa wanamshangilia sultani kama mchezaji mpira. Ilinibidi niendelee, kwa sababu habari yenyewe inaendelea. Mtoto wa sultani alizichukua zile nguo na kumlipa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaeleza pia kwamba sultani alikuwa akienda vitani bara na kurudi na ngawira. Kukawa kimya. Yule kijana aliyeuliza darasani akauliza tena: "Bara hiyo ndiyo sisi?"

Nilimjibu nilivyojua. Watu waliochukuliwa na Kilwa wengi walitoka bara ya kusini, baadaye hadi upande wa Ziwa Nyasa. Biashara hiyo ilikua sana zama za mwisho: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Ugogo ulikuwa katika njia nyingine, ile ya Bagamoyo hadi Unyanyembe, ambako misafara ililipa hongo kwa watemi ili ipite na kunywa maji. (Neno hilo limekuja kubadilika maana, na sisi tunajua kwa nini.) Lakini minyororo ilipita kwetu pia, na Uislamu ulipita katika njia hiyohiyo, mara nyingine ndani ya msafara uleule. Wapo babu zetu walioupokea kwa mfanyabiashara, na wapo walioupokea kwa mpagazi au mtumwa mwenzao. Mji mzuri ulijengwa kwa dhahabu na pembe na chokaa, na kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuchongwa kwenye jiwe. Anayekwenda Kilwa akaona kuba tu, hajaiona Kilwa.

Kabla ya kuondoka Kisiwani tulipita Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18 lililozungushiwa kuta ndefu. Jina lenyewe linatokana na kuta hizo. Tukaona na Gereza karibu na maji. Wareno walikuja mwaka 1505, Almeida akauteka mji na kujenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Ngome inayoonekana leo ni ya zama za Waomani. Kisiwa kina wenyeji wake mpaka leo, Waislamu, na watoto wao husoma chuoni kama nyinyi. Mzee mmoja alitukaribisha barazani, akawauliza vijana wetu sura walizohifadhi. Wawili walibabaika. Tangu turudi wamekuwa wakidurusu.

SONGO MNARA: KUUFIKIA UKUTA

Kwenda Songo Mnara ni boti ya injini, zaidi ya saa moja kutoka Masoko. Ondokeni alfajiri, kwani mchana upepo wa kusi huchafua bahari. Maji yakiwa yamekupwa, boti haifiki ufukweni. Mnashuka, mnakunja suruali, mnatembea kwenye tope kati ya mikoko. Akina mama walilalamika, kisha wakatangulia.

Mtu anayetarajia ukuta kama wa kwenye filamu, wenye minara na milango ya chuma, atavunjika moyo. Mwanzo hatukuuona. Kiongozi akasema, "Mmesimama karibu nao." Ulikuwa pale, wa mawe ya matumbawe na chokaa, umeanguka hapa, umesimama pale, mizizi ya miti imepenya ndani yake. Tukaufuata kwa mguu, na kidogo kidogo umbo la mji likaanza kuonekana: huku ndani, huku nje.

Ulikuwa wa nini? Wachunguzi hawana kauli moja. Wapo wanaosema ni wa kujilinda. Wapo wanaosema haukuwa na nguvu ya kuzuia jeshi, bali ulikuwa alama: ndani ni mji, una sheria yake, soko lake, ibada yake, nje ni shamba na bahari. Mimi si mchunguzi, lakini mtu aliyekulia katika tembe hapati tabu kuelewa. Tembe la Kigogo halina ukuta mbali na nyumba. Nyumba yenyewe ndiyo ukuta. Vyumba vimezunguka uwanja, mgongo umegeuziwa nje, uso umegeuziwa ndani, na ng'ombe wako katikati. Linazuia fisi na mwizi, ni kweli. Lakini kazi yake ya kila siku ni kuwaambia watu wa mle kwamba wao ni wa mle.

Nyumba za Songo Mnara zina tabia hiyo. Unaingia, unakuta ua ulioshuka chini kidogo, wenye ngazi za kukalia pembeni: hapo mgeni hupokewa. Nyuma yake vyumba virefu vyembamba, kimoja baada ya kingine, kila kimoja cha siri zaidi. Wanafunzi waliuliza kwa nini vyumba ni vyembamba hivyo wakati watu walikuwa matajiri. Jibu ni boriti. Dari lilibebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko hauvuki nafasi kubwa; ukitaka chumba kipana, dari litakuangukia. Kwa hiyo urefu wa mti ndio uliopima upana wa maisha ya watu. Ukutani kuna zidaka za kuwekea taa na vyombo. Kuna vyoo vya shimo ndani ya nyumba, vya miaka mia sita nyuma. Binti mmoja alisema vyoo vile vina adabu kuliko vya bwenini kwao. Sitataja ni shule gani.

Katikati ya mji kuna uwanja, na humo makaburi, na msikiti mdogo karibu yake. Mji huu haukuwaficha wafu wake pembezoni. Tuliwatolea salamu kama tulivyofundishwa kuwasalimia watu wa makaburini, tukawaombea, tukaendelea bila kukalia kaburi wala kulikanyaga. Mwanafunzi mmoja wa Kondoa aliniuliza kama tunaweza kuwaombea watu ambao hatuwajui hata jina moja. Nikamwuliza kila siku katika tahiyatu anawasalimia waja wema gani kwa majina.

Suala la misikiti iliyobomoka linahitaji maelezo. Katika madhehebu yetu mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti hapatoki katika hukumu hiyo kwa sababu paa limeanguka. Kwa hiyo hatukula ndani yake, hatukupiga kelele, hatukupiga picha za kuchezacheza, na mwenye udhuru alibaki nje pamoja na mama mmoja. Tukamwomba kiongozi ruhusa, tukaswali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti kwenye mchanga, mbele ya mihrabu. Kiongozi naye aliweka kofia yake chini akaingia safu. Kwa wasiojua: mihrabu ile imechongwa kwa tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, maana linapokuwa na maji ni laini kama muhogo, na likikauka linakuwa jiwe.

KIGAE

Sasa nifikie jambo ambalo sikupenda kuliandika, lakini wenzangu walisema liandikwe.

Ardhi ya mji ule imejaa vigae vya vyungu na vyombo, vingine vya kijani na buluu vilivyotoka mbali. Tulikwisha kuambiwa: angalia, usiokote. Usiku, tulikolala Masoko, kijana mmoja alikuja chumbani kwangu. Hakukaa. Alifungua kiganja, na humo kulikuwa na kigae kidogo cha kaure, kijani, kisichozidi ukucha wa dole gumba. Akasema alitaka kumpelekea bibi yake Chamwino, ambaye hajawahi kuiona bahari.

Ndugu msomaji, ningeweza kumkaripia. Lakini nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe, kijana, niliwahi kuchukua jiwe mahali nisipopaswa. Tulikaa tukazungumza. Nikamweleza kwamba anayechimba kwa elimu hujua umri wa chumba kwa kigae kilicholala ndani yake. Kikiondoka mahali pake, hakisemi tena. Nikamweleza kwamba sheria ya nchi inakataza. Akauliza, "Na mwenyewe ni nani, Ustadhi? Si wamekufa wote?" Nikamwambia mali ya waliokufa ina wenyewe, na yeye ni mmoja wao, na ndiyo maana hawezi kuichukua peke yake. Asubuhi tulikipeleka ofisini tulikopewa kibali. Yule ofisa alikipokea, akaandika, akamshukuru. Hakumwadhiri. Allah amlipe.

Niseme pia kwamba magofu haya yaliwahi kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2004, kwa sababu bahari ilikuwa inakula ufukwe na mvua na mizizi inaangusha kuta. Kazi ya ukarabati ikafanyika, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo. Mikoko ile iliyotutia tope ndiyo inayozuia mawimbi.

KURUDI

Tulirudi kwa njia ileile. Treni ya jioni, wengi wamelala, Magharibi tumekwisha kuiswali kabla ya kupanda, Isha bado. Baada ya Morogoro giza likawa giza la bara, lisilo na bahari pembeni. Nikasikia ubishi nyuma yangu. Yule wa swali la ukuta alikuwa ameanzisha tena.

Hukumu inasema safari humalizika pale ilipoanzia: msafiri akifika ukutani mwa mji wake, au kwenye majengo yake, ruhusa ya kupunguza imekwisha. Sasa, alisema mmoja, Dodoma inaanzia Ihumwa. Mwingine akasema Ihumwa ni kijiji kilichomezwa, mji unaanzia Nanenane. Wa tatu akasema majengo yote siku hizi yameungana, tangu mji wa Serikali wa Mtumba ujengwe, kwa hiyo mpaka uko mbali zaidi ya wanavyodhani. Wa nne, ambaye nilidhani amelala, akasema pakiwa na shamba la zabibu katikati, majengo hayajaungana. Wakanigeukia.

Nikawaambia waangalie dirishani. Taa zilianza kuonekana, moja moja, kisha nyingi, kisha giza tena, kisha nyingi. Kila mmoja alikuwa na kidole kwenye kioo, akisubiri kuonyesha mahali ambapo ukuta ungekuwepo. Treni haikusubiri. Tulishuka stesheni, wazazi wakatupokea, na Isha tuliiswali mjini, rakaa nne.